Misumari Tele, Nyumba Hakuna

Siku nilipokabidhi funguo za ofisi ya wizara, vijana wawili waliorithi dawati langu waliniomba niwaachie mbinu za kazi. Niliwaachia kiti cha kukunja kilicholegea mguu mmoja, kopo la majivu, na ushauri kwamba pikipiki ile isipelekwe kwa fundi yeyote anayeanza kwa kucheka. Wakadhani natania. Basi nimeona niandike, kwa kuwa sasa nina wakati wa kutosha. Serikali imenipa wakati huo kwa wingi iliponialika kustaafu mapema, na mwaliko wenyewe haukuwa na nafasi ya kusema asante, siji.

Habari za vyeo nitaziruka. Vyote nilivyowahi kupewa vilikuwa na majina marefu kuliko kazi yenyewe. Itoshe kusema kwamba kwa karibu miaka yote ya tisini nilizunguka katika shule za msingi za Migori na Homa Bay ambazo hazikuwa na walimu wa kutosha wala kuta za kutosha, nikiwashawishi wazazi na watu wa kujitolea wazibe pengo. Wizara iliniazima kwa mradi mmoja wa wafadhili, na mradi nao ukaniazima kwa barabara za matope. Kujitolea, niligundua mapema, ni neno linalopendwa zaidi na watu wanaolipwa kulitamka.

Nilifika Homa Bay nikiwa na shahada, viatu vya ngozi laini, na imani kwamba jamii ni kitu kinachoweza kuhamasishwa kabla ya chakula cha mchana. Mimi ni mtu wa milima ya Taita. Nilipojitambulisha hivyo katika shule ya kwanza, mbele kidogo ya Asumbi, wazazi walijadiliana kwa Kijaluo, kisha wakaniita Nyar Pwani, yaani binti wa Pwani. Nilieleza kwamba kwetu kuna baridi na kabichi, na kwamba bahari naijua kama wao wanavyoijua, kwa kuisikia. Walinisikiliza kwa heshima. Nimestaafu nikiwa bado Nyar Pwani.

Siku hiyo niliwahutubia kwa Kiswahili ambacho wahadhiri wangu wangekisifu. Nilisema shule ni mali yao, kwamba maendeleo huanza na mtu mwenyewe, na mengine ya aina hiyo. Walipiga makofi. Kisha mama mmoja akauliza kama nimeleta chaki. Sikuwa nimeleta. Mkutano ukaishia hapo, na nadhani ulikuwa mmoja wa mikutano mifupi zaidi katika historia ya mradi.

Aliyenifunza kazi ni Mwalimu Obunga, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mradi ulimwajiri awe mshauri. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kikohozi cha sigara alizodai ameacha. Kila tulipokwenda alifunga nyuma ya pikipiki kiti chake cha kukunja. Nilidhani ni mgongo. Baada ya wiki kadhaa aliniambia sababu.

"Madam, hizi shule hazina viti," alisema. "Ukifika, wanakimbia kuazima kwa boma fulani. Ukishakalia kiti cha mtu, siku hiyo wewe ni mgeni wake. Wale wengine watakuja kumsikiliza yeye, si wewe."

Nami nikanunua changu. Obunga hakuwa malaika. Alisinzia katikati ya mikutano yangu, na akizinduka alikubaliana na mtu wa mwisho aliyesema. Lakini alinifunza kuomba maji ya kunywa kabla ya kuomba rejista, kuacha faili ndani ya mkoba mpaka watu wamalize kuulizana habari za wagonjwa, na kutopanga mkutano wowote Ijumaa wala Jumamosi, kwa sababu siku hizo ni za mazishi. Miaka ile mazishi yalikuwa mengi. Sote tulijua kwa nini, na hatukusema. Walimu walipungua, watoto wakahamia kwa nyanya zao, na mimi nikaendelea kuandika ripoti kuhusu upungufu wa madawati.

Chombo kingine kilikuwa kopo la majivu. Wakati ule wataalamu waligundua kwamba badala ya kuwauliza watu maswali, ni afadhali kuwaomba wachore kijiji chao chini, kwenye udongo uliofagiwa. Mawe yalikuwa nyumba, punje za mahindi watoto, na majivu yalichora njia na mito. Wanaume walichora upande wao, wanawake upande wao, kisha tukalinganisha. Jambo hili lilitupa fahari kubwa huko mjini, kwenye semina. Vijijini watu walituona kama watu wazima waliokosa utoto, lakini walichora.

Sasa nifike kwenye shule moja, kwa maana nyingine zote zimechanganyika kichwani kama vyombo vya harusi. Ilikuwa kati ya Rongo na Uriri, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na watu waliiita Ka-Ngeso, kwa Ngeso. Mzee Ngeso alikuwa mkulima wa miwa mwenye wake wawili, mmoja wao ameshafariki, na alikuwa ametoa pembe ya ardhi yake ili kanisa lifunzie watoto wadogo kuimba. Kuimba kukawa kusoma, kibanda kikawa madarasa matatu ya udongo, na watoto wakazidi. Kila sherehe ya shule Ngeso alikaa mbele, kwenye kiti chenye mikono kilichotoka nyumbani kwake, na sahani ya kwanza ilikuwa yake. Hakuwa na makuu. Alikaa tu hapo, kama jiwe la mpaka.

Darasa la kwanza la Ka-Ngeso lilifundishwa na binti yake, Dina. Alisoma bweni Asumbi mpaka kidato cha nne, akaolewa upande wa Migori, ndoa ikavunjika, akarudi. Mama yake ndiye aliyekuwa amefariki, na jiko la boma lilikuwa la mke mdogo, kwa hiyo Dina alikaa kwa mama yake mdogo, ndugu wa marehemu mama yake, mjini Rongo. Kila asubuhi alikwenda shuleni kwa miguu, na mvua ikinyesha alifika na matope hadi magotini, watoto wakiwa wameshaanza kupigana. Hakuwa amesomea ualimu. Lakini nimekaa nyuma ya madarasa mengi ya waliosomea, na sijaona tena mtu anayeweza kufundisha kujumlisha kwa watoto waliojaa chumba namna ile, kwa visoda vya chupa na sauti ya chini, bila fimbo.

Wazazi walikuwa wameazimia, mbele yangu na kwa kupiga kura, kwamba mwalimu wa kujitolea atajengewa nyumba shuleni. Nguzo zilikatwa. Nyasi zikaletwa. Vyote vikalazwa kando ya uwanja, na vikalala.

Nilipouliza, mwenyekiti wa kamati, Mzee Wasonga, alisema kinachokosekana ni misumari. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na aliposema misumari, uliamini. Tukaleta misumari. Mwezi uliofuata ikawa majembe ya kuchimbia mashimo hayatoshi. Tukaleta majembe. Kisha ikawa mvua, kisha jua. Kisha misumari tena, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya bati na hii nyumba ni ya nyasi. Tukaleta mingine. Ilifika mahali stoo ya shule ile ilikuwa na misumari ya kutosha kujenga mji wa Homa Bay upya, na hakuna hata shimo moja lililochimbwa. Mchwa walianza kula nguzo kutoka chini. Katika ripoti ya robo mwaka niliandika kwamba ari ya jamii iko chini. Ni maneno mazuri hayo, yanafaa mahali popote.

Obunga naye hakuelewa, na alikuwa Mjaluo mwenye mvi. "Hawa watu si wavivu," alisema njiani tukirudi. "Juzi wamejenga nyumba ya mjane mmoja kwa siku moja. Kuna kitu kimelala chini ya hizo nguzo, na si mchwa."

Muhula ulipokaribia kwisha, Dina alinisubiri kwenye pikipiki. Shule moja ya kibinafsi mjini Rongo ilikuwa imemwahidi mshahara na chumba. Alisema hivyo bila kunitisha, kama mtu anayesema ni saa ngapi.

"Sitaki kwenda, Madam," alisema. "Lakini miguu yangu inataka."

Nilimwomba angoje mpaka shule zifungwe. Sikuwa na kingine cha kumpa. Akiondoka, darasa la kwanza lingefungwa, maana madarasa mengine mawili yalikuwa na mwalimu mmoja mmoja, tena wote wazee. Wiki iliyofuata nikarudi na Obunga na kopo la majivu, si kwa hekima yoyote, bali kwa sababu ratiba ilisema ni zamu ya ramani Ka-Ngeso.

Wanaume walichora mbele ya darasa la tatu. Walichora barabara, kijito, kanisa, boma la Ngeso. Kisha mmoja wao akalitembeza kopo kwa uangalifu, akachora mstari mzito uliotoka nyuma ya nyumba ya Ngeso, ukayazunguka madarasa yote matatu, ukapita kando ya uwanja na kurudi nyumbani kwake. Niliutazama. Kwenye uwanja wenyewe, mahali mstari ulipopita, sikuona chochote.

"Hii ni nini?" niliuliza.

"Ni ua wa boma."

"Uko wapi?"

Walitazamana. Wasonga alinionyesha pikipiki yangu kwa kidevu. "Umeiegesha juu yake."

Nilikwenda kuangalia. Chini ya magurudumu kulikuwa na visiki vya ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe ambayo Wajaluo huipanda kuzungushia maboma. Upande huo ilikatwa miaka mingi iliyopita ili watoto wapate pa kuchezea, vikabaki visiki vilivyofunikwa na majani. Nilikuwa nimeegesha hapo tangu siku ya kwanza. Kwangu mimi pale palikuwa uwanja. Kwa kila mtu mwingine palikuwa na ua uliosimama wima, na shule nzima ilikuwa ndani ya boma la Ngeso.

Obunga alikaa kwenye kiti chake, akashika kichwa. "Sheria nilikuwa naijua," alisema. "Ua ndio sikuujua."

Sheria yenyewe nilielezwa na wanawake, waliokuwa wakichora upande wa pili na kusikiliza kila neno. Alianza Mama Risper, mweka hazina wa kamati, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kikohozi, ambaye watoto wake watano walipitia mikononi mwa Dina au walikuwa njiani kufika. Aliniuliza kama kwetu Pwani binti aliyeolewa anaweza kurudi akajengewa nyumba ndani ya boma la baba yake. Nilisema kwetu si Pwani, na kwamba sijui. Hapa, alisema, haijengwi. Binti atapikiwa, atalala jikoni kwa mama yake akija kuwatazama, lakini nyumba yake iko kwa mume. Kumjengea ndani ya ua ni kuita balaa juu ya ndugu zake, na juu ya nyumba ya aliyeshika jembe. Kwa hiyo kila mwanamume aliyeshika jembe kuchimba shimo la nguzo alikumbuka kwamba yeye ana watoto, akaliweka chini na kusema misumari imepungua.

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa unauliza misumari," alisema Mama Risper. "Tukakujibu misumari."

Niliitisha mkutano siku hiyo hiyo, kwa kuwa watu wote walikuwapo na nilihofia kwamba kesho wangekuwa na mvua au jua. Tuliketi ndani ya darasa la tatu, kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa videvu. Ngeso alikuwa mbele, kwenye kiti chake chenye mikono. Dina alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Wasonga aliongea kwanza, na kwa muda mrefu. Kwa ufupi alisema hawamkatai mwalimu, wanaikataa nyumba. Akapendekeza Dina aendelee kutoka Rongo na kamati imnunulie viatu vya mpira.

Dina aliomba kusema. "Mzee Wasonga, angekuja mgeni kutoka Kisumu, hamjui hata jina la nyanya yake, hiyo nyumba ingekuwa imeezekwa?"

"Ingeezekwa."

"Na mimi mnanijua toka nikitambaa."

"Hiyo ndiyo shida, nyathina," alisema Wasonga, na nafikiri alimaanisha neno hilo, mwanangu. "Mgeni hana baba hapa."

"Basi tumtafutie baba mwingine," alisema Mama Risper, na wanawake wakacheka. Wanaume walitazama sakafu. Ngeso hakucheka wala kutazama sakafu. Alikuwa akimwangalia binti yake pale mlangoni, na Dina alikuwa akiangalia nguzo nje. Nilijua kwamba akitoka pale bila jibu, atapita kunisalimia kwa adabu, atakwenda Rongo, na Jumatatu atakuwa na chumba chake na darasa la watoto wenye soksi.

Ngeso aliuliza lile kopo liko wapi.

Nilimpa. Alitoka nje, nasi tukamfuata kama watoto wanaokwenda kuonyeshwa nyoka. Alianzia nyuma ya darasa la tatu, mahali ua wake ulipokuwa hai na mrefu, akaupa mgongo, akaelekea upande wa nyumba yake. Hapo akaanza kumwaga majivu. Alipita nyuma ya ghala la mahindi, akapita karibu sana na ukuta wa nyumba yake mwenyewe, akaendelea mpaka barabarani. Alipomaliza, madarasa, uwanja, nguzo, stoo ya misumari na kipande kizuri cha shamba lake la mihogo vilikuwa upande mmoja, na yeye upande mwingine.

"Boma langu linaishia hapa," alisema.

Wasonga alikuwa ameshusha sauti, jambo ambalo sikujua analiweza. "Jaduong'," alisema, kwa lile neno la heshima wanalomwita mtu mzima, "ukipanda ua hapo, shule si yako tena. Hata kile kiti."

"Nimesikia."

"Hakuna atakayeiita kwa Ngeso."

"Wasonga, nimesikia." Alilipiga kopo chini mara moja, majivu ya mwisho yakadondoka. "Sasa niambieni ni ya nani."

Kwa miaka nilikuwa nimewahutubia watu wa wilaya mbili kuhusu swali hilo, na nilikuwa na karatasi kubwa za kulijibia, zenye mishale. Sikuzitoa.

"Ni yetu," alisema Mama Risper hatimaye. "Lakini hatujazoea."

Yaliyofuata yalichukua wiki mbili. Ua hausogezwi kwa majivu tu. Kulikuwa na mambo ya kufanywa na wazee wa ukoo, ambayo sikualikwa kuyaona na Obunga alialikwa, akarudi akinuka pombe na kukataa kutoa ripoti. Ngeso alipanda ojuok mpya kwa mkono wake kwenye mstari ule. Siku ya pili yake mashimo yalichimbwa asubuhi, na kufikia jioni wanawake walikuwa wanakandika kuta. Nguzo zilizoliwa na mchwa zilibadilishwa bila mtu kuniomba kitu. Dina alihamia na godoro, sufuria mbili na mfuko wake wa visoda. Misumari iliyobaki ilirudi stoo.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri. Yalikwenda, tu. Watoto wa darasa la kwanza walifika la pili wakijua kusoma, na hilo si dogo. Bango jipya liliwekwa, lenye jina la kijito badala ya jina la mtu. Siku ya kutoa zawadi, kiti cha mbele kilikaliwa na chifu. Ngeso hakuja. Aliacha kabisa kuja shuleni, na watu walisema amekasirika, na wengine walisema ni mtu anayejua mpaka. Obunga alianza kukohoa zaidi, akaacha pikipiki, kisha akaacha kazi, na tukamzika Jumamosi moja, siku aliyonifunza nisiipangie mkutano. Kile kiti chake ndicho nilichowaachia.

Halafu serikali ilimleta mwalimu. Tulikuwa tumeomba kwa miaka minne, na alipofika hakuna aliyemtarajia. Aliitwa Wekesa, kijana wa Kakamega, amefuzu, mwenye sanduku la bati na adabu nyingi. Wasonga aliitisha mkutano na kunitaka niwepo. Nilijua kwa nini. Kanuni za mradi zilisema wazi kwamba wa kujitolea huziba pengo mpaka mwalimu aliyeajiriwa apatikane, na nyumba ile katika karatasi zote ilikuwa nyumba ya mwalimu. Dina hakuwa mwalimu katika karatasi yoyote. Wakati huo nilikuwa nimeshapata mwaliko wangu wa kustaafu, mradi ulikuwa unafunga ofisi ya Rongo, na mgongo wangu ulikuwa umechoka na barabara kuliko mimi mwenyewe. Nilikwenda nikiwa nimeandaa maneno ya kumfariji mtu. Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa na shukrani ndani yake.

Tuliketi darasa la tatu, mabenchi yale yale. Wasonga alieleza jambo kwa upole wake mkubwa, ambao bado ulisikika mpaka barabarani. Mwalimu wa serikali hawezi kulala njiani. Binti wa hapa anashukuriwa sana, na labda anaweza kurudi kwa mama yake mdogo Rongo. Wekesa alitazama sanduku lake. Dina alikaa sawasawa, mikono kwenye magoti, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake hospitalini.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ngeso. Alikuwa amevaa koti la kanisani na viatu vilivyojaa vumbi. Wasonga alisimama haraka akampisha kiti cha mbele. Ngeso alikiangalia, akakipita, akaja kuketi nyuma, kwenye benchi langu, akanisukuma kidogo nisogee.

"Jaduong', njoo mbele," alisema Wasonga.

"Huko mbele kuna wenyewe. Mimi ni mzazi. Watoto wangu wawili wa mwisho wako darasa la kwanza." Alivua kofia, akaiweka kwenye goti. "Nimekuja kuuliza swali la mzazi. Mwalimu wao atalala wapi?"

Wasonga aliangalia ukuta wa nyuma, kule ulikokuwa ule ua mpya, ambao sasa ulikuwa mrefu kuliko mtu na mnene kiasi kwamba kuku hakupita. Nadhani alikuwa anakumbuka ni nani aliyemwambia nani siku ile kwamba shule si yake tena.

Wekesa ndiye aliyesimama. Kwa Kiswahili cha Kakamega alisema yeye hajaoa na hana haraka, na kwamba kama stoo ina mlango, atalala stoo mpaka nyumba nyingine ipatikane.

"Nyumba nyingine?" alisema Wasonga. "Hizo nguzo ziko wapi? Nyasi iko wapi?"

"Misumari iko," alisema Mama Risper.

Walicheka, hata Wasonga, hata Dina, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kujifuta macho kwa kiganja. Ikapigwa kura. Dina abaki alipo. Wekesa alale stoo. Nguzo zikatwe baada ya kuvuna. Niliandika yote hayo kwa mazoea, nikijua kwamba hakuna tena ofisi ya mradi ya kuyapeleka, na nikijua pia jinsi hiyo baada ya kuvuna inavyoweza kuwa mbali. Dina alibaki na nyumba yake, bado bila mshahara, na sina habari njema ya kuongeza hapo. Tuliandika maombi yake ya chuo cha ualimu mara tatu. Ninyi mnaobaki, andikeni ya nne.

Nilipotoka, Ngeso alikuwa ameshaanza kuondoka. Nyumba yake ilikuwa pale pale nyuma ya darasa, moshi wa jiko lake ulitufikia na harufu ya omena, dagaa wa ziwani. Lakini katika ua ule hakukuwa na upenyo hata mmoja, na yeye ndiye aliyeupanda. Kwa hiyo alikuwa anazunguka, kupitia uwanjani, barabarani, mbele ya kanisa, na kurudi kwa lango lake upande wa pili, kama mzazi mwingine yeyote. Nilimfikia na pikipiki, nikamwambia apande.

Alicheka, akanionyesha kwa fimbo mahali ambapo paa lake lilikuwa linaonekana juu ya ojuok.

"Nyar Pwani," alisema, "ni hapa tu."

Akaendelea na ile njia ndefu.